Seng'enge ya Madam

Mtu asikudanganye, Madam hakuwa mpole. Watu wakizeeka tunawapaka sukari, tunasema walikuwa na upendo, walipenda watoto wa kila mtu. Madam alipenda mimea. Watoto alituvumilia tu. Nilikuwa darasa lake la sita, dawati la mbele kabisa, na ukimjibu jambo bila kufikiri alikuwa anakuinamia, miwani imeshuka puani, anakuuliza, "Umeona au umeambiwa?" Ukisema umeambiwa, unatolewa nje ukaone. Nimetolewa nje mara nyingi hata sisemi.

Sasa mimi ni mwanamke mzima, nina kibanda changu cha mitumba pale Daraja Mbili, nauza sweta na blanketi, na bado mteja akiniambia "hii itaruka rangi" ulimi unaniwasha kumuuliza kama ameona au ameambiwa. Jina la Madam nalijua, lakini kijijini hakuna aliyelitumia. Wazee waliomzidi umri walimwita Madam, pasta alimwita Madam, hata marehemu mume wake, walivyosema, alikuwa akimwita hivyo mezani akiomba chumvi.

Alivaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, kila siku ya Mungu isipokuwa Sabato, na hata Sabato alizibeba kwenye kiondo. Ibada ikiisha tu, anakaa kwenye ngazi ya kanisa, anavua viatu vya ngozi, anavaa gambuti chini ya gauni lake jeupe, anashuka zake kinamasini na kitabu cha nyimbo kwapani. Siku moja pasta akamwambia kwa upole kwamba Sabato ni ya kupumzika.

"Kwani umeniona nikilima?" Madam akamjibu. "Napumzika nikiwa nimesimama."

Sisi tuko upande wa Nyamira, kwenye miinuko, na mashamba yetu yako vile yalivyo kwa kila mtu huku: juu kando ya barabara chai, chini yake migomba, chini yake napia ya ng'ombe, halafu kwa chini kabisa unakuta maji. Kila boma lina kipande chake kirefu chembamba kinachoishia kinamasini. Madam alikuwa akikiita "ardhi oevu", kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Sisi tulikiita tu bwawani.

Huko ndiko alikotufundishia. Alikuwa na rimu ya baiskeli isiyo na spoku, ameipaka rangi nyeupe. Anamwambia mmoja wetu afumbe macho na kuirusha. Pale ilipoanguka, tunapiga magoti kwenye tope, na kila kilichomo ndani ya ile rimu lazima tukitaje, au kama hatukijui, tukieleze: majani yake, shina lake, harufu yake ukikifinya. Mimi nilidhani nyasi ni nyasi. Weuwe! Ndani ya rimu moja kulikuwa na ndago wa shina la pembe tatu, mnanaa wa maji unaonukia mkononi mpaka jioni, kitu fulani cha majani ya duara kinachotambaa, vijiua vya manjano kama vichwa vya pini, na vingine ambavyo hata yeye alikuwa akivichuma na kwenda navyo nyumbani kuvitafuta kwenye vitabu. Tulirudi darasani tukinuka, na mama zetu walimlaani kwa sababu ya sare. Yeye alisema sabuni ipo dukani.

Na huyu mwanamke aliyependa kila kinachoota, alichukia ng'ombe. Namaanisha alimchukia ng'ombe kama watu wanavyomchukia jirani. Akikutana na kundi njiani anapanda kwenye tuta la chai na kusimama huko mpaka lipite. Halafu akifika nyumbani anajitengenezea chai yenye maziwa mengi mpaka unashindwa kuona kama kuna majani ndani. Nikamwambia, nimeshakuwa mkubwa wakati huo na nina mdomo, "Madam, hayo maziwa yanatoka kwa nani?"

"Yanatoka kwenye kikombe," akasema. "Kunywa yako kabla hayajapoa."

Ng'ombe wenyewe walikuwa wa shemeji yake, ndugu mdogo wa marehemu mume wake, ambaye kipande chake kimepakana na cha Madam. Mzee yule alikuwa mcheshi, mwembamba, kofia haitoki kichwani, na aliwajua ng'ombe wake kwa tabia kama mtu anavyowajua wakwe. Zamani, alivyotusimulia mwenyewe, ng'ombe waliingia kinamasini wakati wa kiangazi tu, ardhi ikiwa imekaza. Mvua ikianza wanarudishwa juu. Lakini huko juu kuliisha. Baba akagawia watoto, watoto wakagawia watoto wao, kila mtu akapanda chai na kujenga, mpaka pa kulishia pakabaki kule chini peke yake. Basi ng'ombe wakawa kinamasini mvua na jua. Kwato zikakoroga kila kitu. Ilibaki tope na yale manyasi magumu ya kusimama mafungumafungu, ambayo hata ng'ombe wenyewe waliyapita wakiyaangalia kwa dharau. Hapo Madam alikuwa na haki ya kukasirika, na nitalisema hilo mbele ya mtu yeyote.

Lakini si tope lililomfanya afanye alichofanya.

Madam alikuwa na mtoto mmoja. Msichana, tulisoma pamoja, alinitangulia darasa moja. Mtoto wa pekee hana wa kucheza naye, basi yeye alicheza na vitu vya mama yake. Kulikuwa na ua fulani kinamasini, la zambarau, shina lake halipiti kifundo cha mguu, maua madogo yamepangana juu mpaka chini. Lilitoka mwezi wa nane, shule zikifungwa, pembezoni mwa maji pale ambapo majani yalikuwa mafupi. Madam alikuwa na jina lake refu la kitabuni. Yule msichana aliliita "dada mdogo". "Dada mdogo ametoka!" alikuwa akipiga kelele kutoka kule chini, na Madam anaacha chungu motoni kwenda kuona.

Aliugua akiwa kidato cha tatu. Haikuchukua muda. Kwetu msichana ambaye hajaolewa hazikwi katikati ya boma. Huzikwa pembeni, na pembeni mwa boma la Madam ni kule chini, hatua chache kutoka kwenye maji. Tulimzika huko. Mwezi wa nane uliofuata lile ua lilitoka mpaka kando ya kaburi, halikupandwa na mtu. Madam hakulichuma hata moja. Alikuwa akishuka asubuhi, anasimama, anawaamkia. Wote wawili, yaani. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Mwaamkaje, wanangu." Kuanzia hapo lile jina la kitabuni sikulisikia tena kinywani mwake. Aliliita "dada mdogo" tu, kama mtoto alivyoliita.



Basi mwaka mmoja wa mvua nyingi ng'ombe wa shemeji wakakata kamba. Hakuna aliyewatuma, ni ng'ombe. Walishuka, wakalala pale pale, wakala na kukanyaga, na asubuhi Madam akakuta kwato kwenye kaburi la mtoto wake, tope limefunika msalaba nusu, na lile ua limekwisha lote. Alipiga nduru iliyotutoa kwenye chai na vikapu mgongoni. Shemeji mwenyewe alikuja mbio, akavua kofia, mara ya kwanza nione kichwa chake. "Shemeji, nisamehe. Nisamehe, shemeji. Nitarekebisha." Alichukua jembe akaanza kutoa tope. Madam hakumtazama.

Wiki hiyo hiyo alianza habari ya seng'enge. Alikuwa ameshastaafu, na ukimstaafisha mwalimu wa aina ile umejitafutia. Alisimama kanisani baada ya matangazo akasema kwamba ng'ombe ni kifo cha ardhi oevu, kwamba kinamasi kikiachwa kipumzike kitapona chenyewe, na kwamba anayempenda Muumba alinde alichoumba. Alizungumza vizuri sana. Nilipiga makofi, na kwetu kanisani hatupigi makofi. Akaita risaga, ile kazi ya majirani ambapo unawapikia na wanakufanyia, akapika ugali wa wimbi na kuku, na sisi tukachimba mashimo, tukasimika nguzo za mkaratusi, tukavuta seng'enge kuanzia kwake mpaka kwa jirani wa tatu. Wenye vipande walikubali wote. Nani angemkatalia mama yule, na kaburi liko pale analiona kila mtu?

Shemeji alikuja kwenye risaga akachimba mashimo kama wengine. Alipomaliza akaegemea jembe, akauliza taratibu, "Shemeji, na mimi ng'ombe zangu nipeleke wapi? Mbinguni?"

"Panda napia," Madam akasema.

"Niipande wapi? Kichwani?"

Watu walicheka. Madam hakucheka. Baada ya mwezi lori likaja likawachukua ng'ombe wake wote isipokuwa ndama mmoja wa gredi, wa kisasa wa maziwa, ambaye alimjengea kibanda na kumkatia majani. Mzee hakugombana. Aliacha tu kula kwa Madam. Kanisani akahamia upande wa pili, karibu na mlango. Kwa watu wanaopakana shamba na wanaozikana, hiyo ni adhabu kubwa.

Mwaka wa kwanza, ningekuonyesha ungelia kwa raha. Tope lilikauka, likafunikwa. Ndago wakarudi, mnanaa ukarudi, vyura wakapiga kelele mpaka tukashindwa kulala. Na mwezi wa nane "dada mdogo" akatoka, mengi kuliko tulivyowahi kuona, zambarau tupu kuzunguka kaburi. Madam alinipigia simu nikiwa kibandani, sauti imepanda kama ya msichana. "Funga hicho kibanda uje. Acha kuuliza, njoo!" Nilifunga nikaenda. Tulikaa pale kwenye majani, mimi na yeye, akanishika goti, akasema, "Umeona?" Nikasema nimeona. Hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote nilizomwona nazo, na ninaishikilia kwa sababu baada yake hazikuwepo nyingi.

Mwaka wa pili yalitoka machache. Alisema ni mvua. Mwaka wa tatu akasema ni baridi. Huku matete yalikuwa yanapanda. Hakuna aliyeyakata, hakuna aliyeyala. Yalifika kiuno, yakafika kifua, yakazeeka yakalala, na juu ya yaliyolala yakaota mengine. Kwa mbali kijani kilipendeza, na wageni wa kanisa walikuja kupiga picha. Seng'enge ilisimama wima. Ndani hukuona hata ardhi.

Kisha akaomba shule impe watoto wa darasa la sita, kama zamani, akashuka nao na ile rimu. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea sukari. Mtoto akafumba macho akairusha, na rimu haikuanguka. Ilikaa juu ya matete, inaning'inia. Watoto wakacheka. Madam akaingia mwenyewe, akatenganisha matete kwa mikono, akapiga magoti, akatazama chini kwa muda mrefu sana. Palikuwa na giza huko, na majani yaliyooza, tabaka juu ya tabaka. Alifukua kwa vidole. Hakuna ndago wala mnanaa, hakuna chochote cha duara. Matete na tope jeusi, basi.

Aliwaambia watoto warudi shule. Mimi nilibaki. Alikuwa bado amepiga magoti.

"Ng'ombe walikuwa wanakula mimea mirefu," akasema. Hakuwa akiniambia mimi. "Wakila mirefu, midogo inaona jua. Hata kwato, kiangazi, zilikuwa zinafungua pa kuota mbegu. Walikuwa wengi mno, ndiyo, na wakati mbaya, ndiyo. Ningewapunguza. Ningewazuia mpaka mvua ziishe. Mimi nikawafukuza wote." Akashika kichwa kwa mikono ya tope. "Niliambiwa ng'ombe ni mbaya, nikasoma ng'ombe ni mbaya, na nilikuwa nataka wawe wabaya. Nimemzika mara ya pili, omwana one. Mara hii kwa mikono yangu."

Omwana one, mwanangu. Alikuwa ananiita mimi; darasani hakuwahi kutuita hivyo. Nikamshika kwapa nikamwinua. Alikuwa mwepesi sana.

Kwenda kwa shemeji yake kulimchukua muda. Alivaa gauni la Sabato katikati ya wiki, akaniambia nibebe mkungu wa ndizi zilizoiva, tukavuka mpaka. Mzee alikuwa anamkatia ng'ombe wake napia kwenye gogo. Hakusimama, lakini aliacha panga.

"Shemeji, nimekuja."

"Nakuona."

"Nataka ng'ombe warudi kinamasini. Kiangazi hiki. Wako wote, hata uliowauza."

Mzee alimtazama, akanitazama mimi na mkungu wangu, akaanza kucheka, halafu kicheko kikamfia. "Zangu zote? Shemeji, hizo ng'ombe saa hii ni viatu. Kuna mtu anazivaa huko Nairobi."

Madam akakaa chini. Kwenye udongo, na gauni jeupe. Akasema, "Nilikosea, shemeji. Siku ile kaburini ulikuwa unanipenda ukiwa na jembe mkononi, na mimi sikukutazama."

Yule mzee aliinuka akamletea kiti, na mke wake akaleta chai, na Madam akainywa ikiwa na maziwa kidogo tu kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Asubuhi yake wakakata seng'enge pamoja kwa koleo. Mzee akaingiza ng'ombe wake mmoja. Maskini ng'ombe wa gredi, amekulia kibandani, analetewa chakula mdomoni. Alisimama kwenye matete yaliyompita kimo, akayanusa, akalia kutaka kwao. Matete yalikuwa yameshakuwa magumu kama vijiti vya ufagio. Basi mzee akachukua panga akaanza kukata yeye, na Madam akachukua mundu, na ndivyo walivyokaa kiangazi kile na kilichofuata, wazee wawili wamekunja migongo, wanafanya kazi ya ng'ombe waliouzwa. Majani laini yalipochipua, yule wa gredi alijifunza kula. Mzee alikuwa anamfunga kwa kamba kipande kwa kipande, na mvua ikianza anampandisha.

Na vitu vilirudi, sitasema uongo. Ndago walirudi. Mnanaa ulirudi, nilinusa mwenyewe. "Dada mdogo" hakurudi. Mwezi wa nane ulipita, na mwingine.

Wakati huo ndio macho ya Madam yalianza kufifia. Presha ya macho, daktari wa mjini alisema, na kwamba alichelewa kuja. Madam alikuwa amedhani ni miwani. Aliacha kuona pembeni kwanza, halafu akabaki na kitobo kidogo cha katikati, halafu hicho nacho kikaanza ukungu. Alikuwa anaogopa jambo moja tu, na hakunificha. "Lisije likatoka wakati siwezi kuliona."

Mwaka jana mwezi wa nane nilifunga kibanda bila kuitwa. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki ukingoni, kando ya kaburi, shali mabegani, uso umeelekea maji. Alinijua kwa hatua.

"Bwakire, Madam," nikamwamkia.

"Umechelewa. Kuna jua?"

"Lipo."

"Basi ingia uangalie vizuri. Shemeji ameangalia lakini yeye haoni kitu kisicho na mkia."

"Nimeangalia mara mbili," mzee akasema kutoka aliposhikilia kamba ya ng'ombe.

Nikavua viatu nikaingia. Niliangalia kama alivyonifundisha, nimeinama, natenganisha kwa mikono, hatua kwa hatua, ukingo wote mpaka kwa jirani na kurudi upande wa kaburi. Majani yalikuwa mafupi na mazuri. Jua lilifika chini. Kila kitu kilikuwa tayari kabisa, Mungu wangu, kila kitu. Nilipekua hata pale ambapo nilishapekua. Magoti yalikuwa yananiuma na nilikuwa nalia, ila kimya, kwa sababu masikio yake yalikuwa mazima.

Nilipotoka alisikia maji yakinidondoka miguuni. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu, vidole vimefunguka, mkono wa mtu anayengoja kuwekewa kitu kidogo kinachovunjika upesi. Yeye ambaye hakuwahi kulichuma hata moja.

Nilisimama mbele ya mkono ule sina cha kuweka. Nikaweka wangu.

Alivifunga vidole vyake juu ya mkono wangu. Akaupapasa, tope na yote, kidole kwa kidole, polepole, mpaka akafika mwisho.

"Ni wewe tu?" akauliza.

"Ni mimi tu, Madam."

Hakuuachia. Tulikaa hivyo mpaka shemeji akamfungua ng'ombe, akatuambia mvua inakuja, twende nyumbani.